Futi Tano za Baba

Sisi tunaoishi pembezoni mwa Kampala tunapotaja kiwanja hatuna haja ya kueleza ukubwa wake. Ni futi 50 kwa 100. Baba yangu alinunua cha kwake wilayani Wakiso mwezi wa Julai, kwa kiinua mgongo alicholipwa baada ya kufundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini. Dalali alimpeleka kukiona mchana wa jua kali. Waliteremka kutoka njia ya juu hadi chini bondeni, wakarudi na vumbi viatuni. Makubaliano yakaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri. Jioni ile baba alitununulia soda sote, hata watoto wa jirani.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, na masomo yangu ni Kiswahili na Jiografia. Katika muhula ule ule baba alipoanza kununua matofali, mhadhiri wetu wa Jiografia alitufundisha namna ya kutambua ardhioevu na kuchora mpaka wake. Alitusimamisha ukingoni mwa bonde lenye mafunjo akatuuliza: "Ardhioevu inaanzia wapi?" Karibu sote tulionyesha pale mafunjo yalipoanza. Akacheka. Akatuambia tugeuke nyuma, kwa maana tulikuwa tumekwisha kuingia ndani yake zamani, tukiwa bado na viatu vikavu.

Insha hii inahusu swali hilo, na jinsi nilivyolijibu siku nilipoulizwa na baba yangu juu ya ardhi yake mwenyewe.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Nilipoanza kuandika maelezo yangu kwa Kiswahili, neno lililonijia kwanza lilikuwa kinamasi. Lakini kinamasi ni mahali unapokanyaga mguu ukazama. Bwawa nalo lina maji ya kuonekana kwa macho. Kwa Kiganda tunasema lutobazi, na mtu akilisikia huwaza mafunjo, vyura na mbu. Maneno hayo yote yanaelekeza macho kwenye maji yaliyopo leo. Neno ardhioevu nililikuta katika vitabu, sijapata kulisikia sokoni wala ndani ya teksi, na mwanzoni nililiona la kiofisi mno. Baadaye nikaona lina faida yake. Linataja ardhi kwanza, tena halidai kwamba maji yawepo siku unapokwenda kutazama.

Sheria yetu ya mazingira inafuata njia hiyo hiyo. Kwa mujibu wake, ardhioevu ni eneo linalofurika maji wakati wote au kwa msimu, ambamo mimea na wanyama wameizoea hali hiyo. Mkataba wa Ramsar, uliopitishwa nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, na ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1988, nao unahesabu maeneo ya kudumu na ya muda pia. "Au kwa msimu." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomponza baba. Alinunua Julai, wakati wa kiangazi. Isitoshe, Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashika ardhioevu kwa dhamana, kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karatasi yenye mihuri yote, na bado asiweze kujenga mahali alipopalipia.

Mwezi wa Aprili baba alinipigia simu. "Mwanangu, si unasomea mambo ya ardhi? Njoo utuonyeshe msingi tuuanzie wapi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia mtoto. Nilikwenda Jumamosi na jembe, futi ya utepe, kamba, na fungu la vijiti nilivyovifunga vitambaa vyekundu.

Mpango wake alikuwa nao kichwani. Mbele, kando ya njia, vyumba viwili vya duka vya kupangisha ili vimlishe uzeeni. Nyuma yake uwanja mdogo. Kisha nyumba ya vyumba vitano kuanzia futi ya 40 hadi ya 80 kutoka njiani. Matofali alikuwa amekwisha kuyapanga huko chini, yamefunikwa kwa nyasi.

Tulifundishwa kwamba ardhioevu hutambuliwa kwa dalili tatu: mimea, maji na udongo. Utaratibu huu umeelezwa vizuri katika mwongozo wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani wa mwaka 1987, na mhadhiri wetu aliutumia kutufundishia kwa sababu mantiki yake inafaa popote. Kila dalili ina udhaifu wake, ndiyo maana hutazamwa zote tatu.

Nilianza na mimea, nikaona kwamba hapo ningedanganyika. Aliyeuza alikuwa ameng'oa kila kitu. Chini kabisa alipanda mikaratusi, ambayo hunywa maji kwa pupa, na katikati kulikuwa na matuta ya viazi vitamu. Kati ya matuta niliona ndago, lakini ndago huota hata uani kwetu, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Nilichokiona ni kwamba matuta yalizidi kuwa marefu kadiri nilivyoteremka. Juu yalifika kwenye kifundo cha mguu, chini yalinifika magotini. Mkulima hainui tuta namna ile kwa kupenda kazi. Anakimbiza viazi visioze.

Dalili ya maji nayo ilikuwa na shaka. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na baada ya mvua hata kilimani utakuta dimbwi. Mtu anayepima mpaka kwa maji ya siku moja atauchora chini mno wakati wa kiangazi na juu mno siku ya gharika. Kilichobaki ni udongo.

Nilichimba mashimo kwa mstari kutoka njiani kwenda bondeni, kila moja likiwa na kina cha nusu mita hivi. Katika futi ya 10 udongo ulikuwa mwekundu toka juu hadi chini, ule wekundu wa vilima vyetu unaojulikana hata na wageni. Katika futi ya 30 ulikuwa wa kahawia, bado mzuri. Nikaruka hadi futi ya 60. Hapo tabaka la juu lilikuwa jeusi, na chini yake nikakuta udongo wa mfinyanzi wa kijivu kama majivu yaliyolowa, wenye michirizi ya rangi ya kutu ikifuata njia za mizizi. Katika futi ya 80 shimo lilinuka yai bovu.

Nimweleze msomaji maana ya rangi hizo, kwa kuwa hapo ndipo mpaka unaposomwa. Wekundu wa udongo wetu ni chuma kilichokutana na hewa, yaani ni kutu. Maji yakijaza vinyweleo vya udongo kwa majuma mengi, hewa huisha. Vijidudu vya udongoni hukosa oksijeni na kuanza kukitumia chuma kile, nacho huyeyuka na kuhama na maji. Kinachobaki ni kijivu. Maji yanapopungua, hewa hupenya kwa njia ya mizizi, na pale inapopita chuma hushika kutu tena, ndiyo ile michirizi. Harufu ya yai bovu hutokea mahali ambapo hewa imekosekana zaidi. Mabadiliko haya si ya mvua ya usiku mmoja. Ni ya misimu mingi, na hayafutiki kwa kung'oa mafunjo na kupanda viazi.

Basi mpaka ulikuwa kati ya futi ya 30 na ya 60. Kanuni ni kuchimba katikati, kisha katikati ya katikati, mpaka upate mashimo mawili yaliyo karibu, moja kavu na moja oevu. Nikachimba futi ya 50: kijivu, bila ubishi. Nikachimba futi ya 40.

Udongo wa pale ulikuwa wa kahawia, lakini kwenye kina cha shubiri moja hivi ulianza kuwa na madoa ya kijivu, na pembeni mwa madoa vijipande vya kutu. Vilikuwa vidogo. Nilivibonyeza kwa kidole vikaacha rangi. Nilijua ni nini. Wakati huo baba alikuwa amesimama juu yangu, kivuli chake kimeingia shimoni.

"Hapa pako sawa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Hapa pako sawa, Taata," nikajibu.

Nikafukia shimo lile. Nikapima futi tano zaidi, nikachomeka kijiti kwenye futi ya 45. Nilijiambia kwamba madoa ni machache, kwamba mimi ni mwanafunzi tu, kwamba futi tano si kitu.

Kisha nikapiga magoti kumweleza, kama binti wa Kiganda anavyopaswa kuzungumza na baba yake. Nilipiga magoti kati ya matuta, na gomesi yangu ikalowa palepale. Nilimwambia kwamba chini ya kijiti hapajengwi. Alinyamaza muda mrefu.

"Mimi nimenunua futi mia," akasema. "Kwenye karatasi zimeandikwa mia."

Kisha akanyoosha mkono kwa jirani wa upande wa kushoto, aliyejenga hadi chini kabisa juu ya kifusi kilicholetwa kwa malori. "Na yule mbona hukumchimbia?"

Swali hilo lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimweleza ninachokijua: kwamba kifusi hakimalizi maji, huyahamisha kwa mwingine. Bonde kama lile hunyonya mvua na kuiachia polepole, na huchuja uchafu. Ardhioevu ya Nakivubo hupokea majitaka ya Kampala kabla hayajafika kwenye ghuba ya Murchison, na kutoka ghuba hiyo hiyo jiji huteka maji yake ya kunywa. Huko Bwaise, ambako watu wamejenga bondeni, mvua ikinyesha usiku watu hupandisha magodoro juu ya meza. Na mwaka 2024 huko Lubigi tuliona tingatinga zikibomoa nyumba ambazo wenyewe walikuwa wanalala ndani yake. Baba alizitazama picha zile kwenye televisheni kama sisi sote. Alidhani ni habari za watu wengine.

Aliyetusaidia kidogo siku ile ni bibi mmoja anayeishi juu ya njia, ambaye nami namwita jjajja kwa heshima ya umri wake. Alikuja na fimbo yake kutazama mashimo. Akasema kwamba alipoolewa hapo, wanaume walikuwa wakichimba mamba mahali penye mikaratusi. Hapa niwaombe radhi wasomaji wa Kiswahili. Niliposimulia jambo hili darasani wenzangu walishtuka, wakidhani kijiji chetu huchimbua mamba kama watu wanavyochimbua mihogo. Kwa Kiganda mamba ni yule samaki anayeitwa kambare mamba, mwenye mapafu, anayeweza kujizika kwenye tope wakati wa ukame na kungoja maji yarudi. Jjajja aliongeza kwamba mwaka 2020, mwaka wa korona, Ziwa Victoria lilipopanda kuliko ilivyowahi kupimwa na mvua zilipokataa kukatika, maji ya bonde yalipita matuta ya viazi yote. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wakawa wanacheza humo. Nilitamani kumuuliza yalifika wapi hasa. Sikuuliza.

Jioni ile baba alichora upya. Alikuwa mwalimu, anapenda rula. Duka la kina cha futi 12, ujia wa futi 3, kisha nyumba ndogo ya futi 30. Jumla futi 45. Vyote viliingia, kwa kubanana. Aliutazama mchoro wake, uso ukalegea. Juma lililofuata alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akalipa malipo ya awali ya milango miwili ya chuma ya duka, akachagua rangi ya buluu.

Kabla ya kuchimba msingi alitaka karatasi, kwa kuwa hakutaka tingatinga. Akaenda mwenyewe wilayani kuomba afisa wa mazingira aje kuthibitisha mpaka. Nadhani moyoni alitumaini kwamba afisa angeniona mtoto mwenye kuogopa bure na kuushusha mpaka chini. Afisa alifika mwezi wa Mei. Alikuja na kifaa cha GPS, na kitabu kidogo chenye vipande vya rangi ambavyo hulinganishwa na udongo, ili mtu asiseme tu kwamba kwake yeye hii ni kahawia. Alitembea kimya, akachimba upande wa kulia na upande wa kushoto. Kisha akafika kwenye udongo uliofukuliwa na kufukiwa.

"Nani alichimba hapa?"

"Ni mimi."

"Uliona nini?"

Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Ningeweza kusema sikumbuki. "Niliona kijivu," nikasema. "Na kutu."

Afisa hakunikemea. Alichimba mwenyewe, akaweka bonge la udongo juu ya kitabu chake, akamwonyesha baba. Kisha aling'oa kijiti changu kwenye futi ya 45, akanipa mkononi, akanionyesha mahali pa kukichomeka. Nilikigongomea kwenye futi ya 40 kwa jiwe.

Tuliporudi, ndani ya teksi, baba alikaa upande wa dirisha. Tulipokaribia kushuka aliniuliza bila kunitazama, "Kwa hiyo siku ile ulijua."

"Nilijua, Taata."

"Zile futi tano ulinipa wewe."

Sikuwa na la kujibu. Sikuwa mwenye nazo hata nizitoe.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Darasani tuliambiwa kwamba makosa ya kuchora mpaka hutokana na mimea iliyoondolewa, msimu usiofaa au mashimo machache. Yote ni kweli. Hakuna aliyetuambia kwamba kosa linaweza kutokana na mapenzi. Nilidhani namwonea baba huruma, kumbe nilimwongezea hasara. Kama ningemwambia ukweli Aprili, angelia mara moja. Kwa uongo wangu alilia mara mbili, na mara ya pili alikuwa amekwisha kulipia milango.

Nawasihi wenzangu wanaosoma insha hii, kwa maana wengi wetu tutaajiriwa, na wazazi wetu au sisi wenyewe tutanunua hivyo viwanja vya 50 kwa 100. Usiende kukagua ardhi ya bondeni wakati wa kiangazi tu. Nenda pia mvua zikiwa zimekolea. Nenda na jembe, uchimbe kabla ya kulipa, na ukiona kijivu na kutu chini ya udongo mzuri, amini macho yako. Uliza kwa nini matuta ni marefu. Muulize mkongwe wa pale maji yalifika wapi katika mwaka mbaya kuliko yote, na ukianza kuogopa jibu, hapo ndipo ukazane kuuliza. Kisha mwone afisa wa mazingira kabla hujamwona fundi.

Baba aliachana na maduka. Nyumba inajengwa juu, karibu na njia, vyumba vitatu. Dalali hapokei simu. Ile milango miwili ya buluu imeegemezwa ukutani kwa shangazi, na wateja wawili waliokuja kuitazama walitaka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Sehemu ya chini tumeiacha. Mikaratusi imekatwa, na kwenye mtaro wa mpakani machipukizi ya mafunjo yameanza kuonekana, ingawa hakuna aliyeyapanda.

Mwezi wa Novemba nilirudi nyumbani mvua za vuli zikiwa zimeshika. Nilimkuta baba kiwanjani na mwavuli, ameshika ile futi yangu ya utepe. Maji yalikuwa yametanda bondeni kote, ya rangi ya chai, yamefunika matuta. Nyumba ya jirani ilikuwa imezungukwa. Kijiti chenye kitambaa chekundu kilikuwa bado kimesimama kwenye nchi kavu, na maji yalikuwa karibu nacho kiasi kwamba ungeweza kuyagusa kwa mguu.

Nilitaka kupiga magoti nimsalimie. Akanizuia kwa mkono, akasema nisiharibu nguo.

"Futi ya 42," akasema, akinionyesha utepe. "Yangekuwa chumbani kwangu."

Akaukunja utepe polepole, akaufuta maji kwa shati lake, akanirudishia.